Waya Uliosokotwa Kushoto

Saa tatu asubuhi siku ya Jumamosi, duka la vipuri lilikuwa limefurika hadi mlangoni. Huyu anataka plagi, yule mnyororo, mwingine kaja kurudisha betri na anaapa kwamba hajaigusa, ilhali imelowa oili pande zote. Wa pili kwenye foleni alikuwa mwanamume mwenye kipara kinachong'aa na ovaroli ya bluu iliyofifia magotini. Mbele yake alisimama dada mmoja wa suruali nyeupe, blauzi ya manjano na viatu vyekundu, kapendeza mpaka ungedhani anakwenda harusini na njia imempotea.

"Nipimie mita mbili za mpira wa mafuta," yule dada alimwambia muuzaji.

Muuzaji akavuta mpira mweupe unaopenya mwanga, akaulaza juu ya kaunta. "Huu hapa. Mzuri, unayaona mafuta yakipita."

Mwenye kipara akashindwa kujizuia. Akaipenyeza pua yake juu ya bega la yule dada, akanusa.

"Huo ni wa maji, dada. Usiuchukue."

Dada akageuka taratibu, akamtazama kuanzia viatu hadi kiparani. "Samahani, nani kakuuliza?"

"Hakuna. Lakini ukitia petroli humo, mwezi hauishi utakuwa umekakamaa, halafu utapasuka. Wa mafuta ukiukunja unarudi wenyewe. Na haunuki ndala mpya."

"Kumbe unanusa mipira ya watu madukani!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwenye kipara akaona haya, akajikaza kisabuni.

"Aliyekutuma ni nani? Mwambie mumeo, au kaka yako, aje mwenyewe nimwelekeze."

"Nimetumwa na mguu wangu wa kulia."

"Vipi?"

"Ndio unaokanyaga mafuta. Gokati namba kumi na saba, dereva ni mimi. Na mume sina, kama ulikuwa unapima upepo."

Muuzaji alikwisha kuuondoa ule mpira wa maji kimyakimya na kuleta mweusi. Yule dada akaukunja, ukarudi wenyewe. Akaunusa. Kisha akamwinulia nyusi mwenye kipara, na mwenye kipara akajua kwamba siku hiyo hatakumbuka alichofuata dukani. Kweli hakukumbuka. Alifika kaunta, akanunua balbu asiyokuwa na kazi nayo, akatoka mbio kumwahi.

Uwanja wa mashindano ulimjua kwa jina la Pua. Petroli ikidondoka tone moja mwisho wa gereji, yeye huinua kichwa hata kama anakula. Kazi yake ilikuwa matangi na mipira ya mafuta ya gokati, vile vigari visivyo na mlango wala paa vinavyokwenda kiganja kimoja juu ya lami, na katika kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Alikuwa na sifa ya pili ambayo haikumpatia jina, ingawa ilistahili: alikuwa na wivu. Si wivu wa kuonja onja. Pua alikuwa mtu wa kuuonea wivu mpaka mkanda wa kiti kwa kuwa umemkumbatia dereva.

Yule dada naye, siku za kazi alikuwa msusi mwenye saluni ya viti vitatu, na mwishoni mwa wiki alivaa kofia ngumu akawapita wanaume kwenye kona. Uwanjani walimwita Msusi. Wiki ileile ya dukani alimkabidhi Pua gari lake, na mwezi wa pili haukwisha kabla hajamkabidhi na moyo wake.

Penzi lao lilikulia kwenye tangi. Tangi la gokati hukaa mahali pa ajabu: chini ya usukani, katikati ya miguu ya dereva. Fundi anayelihudumia hupiga magoti pembeni ya kiti na kuinamia humo ndani. Kila Ijumaa jioni, injini ikiwa baridi na simu zote zimeachwa mbali juu ya meza, Pua alimwaga mafuta kwenye jerikeni, akasuuza tangi, akaiminya mipira yote kwa ukucha akitafuta ufa. Msusi aligeuza kreti, akaliweka mbele ya pua ya gari, akaketi akimwelekea fundi wake uso kwa uso, viwiko magotini, asipepese macho.

"Mbona unalibusu?" aliuliza siku ya kwanza alipomwona Pua kaweka mdomo kwenye tangi.

"Nalipuliza. Nikiziba hapa na hapa, kama linavuja nitasikia."

"Bahati yake."

Pua alipaliwa na harufu ya petroli, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na Msusi akacheka hadi kreti likayumba.

"Na huu mpira mdogo wa juu?"

"Huo ndio unaolipa tangi pumzi. Mafuta yakitoka, lazima hewa iingie. Ukizibwa huu, gari litakwenda mizunguko mitano, sita, halafu injini itakufa polepole bila kelele. Utahangaika na kabureta mpaka kesho, kumbe tangi limekosa hewa."

"Kama mke wa mwanamume mwenye wivu."

"Hayo umeyatoa wapi?"

"Saluni, mpenzi. Pale nasikia kila kitu."

Pua akajifanya hakusikia. Akachukua waya mwembamba, akauzungusha kwenye ncha ya mpira unapoingia kwenye chujio, akaukamata kwa koleo na kuusokota mara nne, kisha akaulaza mkia wake chini usimchome mtu. Wengine hutumia vibanio vya dukani. Yeye hakuviamini. Kila fundi wa pale alikuwa na msokoto wake, na wake ulielekea kulia. Ungemwonyesha waya mia, angekutajia aliyefunga kila mmoja.

Tatizo lilikuwa hema la jirani. Humo alikuwamo fundi mwingine, kijana mrefu aliyefanya kazi zote kwa mkono wa kushoto, wakamwita Shoto. Shoto alikuwa na nywele za kusokota zilizomfika mabegani na ovaroli nyeupe isiyochafuka. Pua alijiuliza mara nyingi fundi ambaye ovaroli yake haichafuki unamwaminije. Baya zaidi, zile nywele zilihitaji kusokotwa upya kila baada ya wiki mbili, na aliyezisokota alikuwa Msusi.

"Shemeji, leo umependeza," Shoto alisema kila alipopita. Pua alisikia "umependeza" tu.

Wakipigiana simu mchana, mambo yalikuwa haya:

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Bado. Nilikuwa na kichwa cha Shoto."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa nne."

"Mpaka saa hizi? Kichwa kimoja?"

"Kichwa kina nywele, laazizi. Chako ningekipangusa kwa kitambaa nikamaliza."

Pua alicheka, kwa sababu mtu hawezi kununa kwa mzaha kama ule bila kujiaibisha. Lakini alipokata simu alikitazama kipara chake kwenye kioo cha pikipiki ya mtu, akakichukia. Asubuhi nzima vidole vya mpenzi wake vimo kwenye nywele za mwanamume mwingine! Yeye hata kisingizio cha kuingia saluni hakuwa nacho.

Mwezi wa tano tangu siku ile ya dukani, siku chache kabla ya mashindano ambayo Msusi aliyasubiri msimu mzima, dada yake Pua alijifungua mapacha. Mumewe alikuwa safarini, mama yao hayupo tena duniani, kwa hiyo Pua akapanda basi kwenda kumsaidia siku tatu. Mashindano yenyewe hayakuwa ya mchezo: timu kubwa ingekuja kuchagua dereva mmoja, mmoja tu, wa kwenda kukimbia nao mwaka mzima. Msusi alikuwa ameanza kuwaaga wateja wake kwa utani.

Siku ya Alhamisi Pua alipiga simu, mtoto mmoja begani.

"Wanafanana na nani?" Msusi aliuliza.

"Wote wana pua yangu, maskini."

"Basi kazi hawatakosa."

Nyuma ya sauti yake kikasikika kicheko cha mwanamume. Pua alikitambua mara moja.

"Nani huyo?"

"Shoto. Nimetoka mazoezini sasa hivi."

"Anafanya nini hapo?"

"Hema lake liko hapa, unataka aende wapi? Sikia, mpenzi, nina siri ndogo. Utaiona mwenyewe ukirudi."

"Siri gani?"

"Nikikuambia itakuwa siri tena? Haya, nibusie wapwa zako." Akakata.

Pua alibaki ameishika simu. Siri. Shoto anacheka, halafu kuna siri. Alilishwa chakula hakujua alichokula.

"Mdogo wangu," dada yake alimwambia, "hiyo chupa ya mtoto umeishika kama unataka kuinyonga. Una nini?"

"Sina kitu."

"Haya. Usiye na kitu, nipe mwanangu."

Alirudi asubuhi ya siku ya mashindano, akapitiliza moja kwa moja hadi uwanjani na begi lake mgongoni. Ilibaki saa moja kabla ya kuanza. Akapiga magoti, akainamia tangi kama kawaida yake.

Kwenye ncha ya mpira, pale unapoingia kwenye chujio, palikuwa na waya mpya. Mizunguko minne, mkia umelazwa chini, kazi safi. Ila msokoto ulielekea kushoto.

Uwanja mzima ulikuwa na mtu mmoja tu wa mkono wa kushoto. Pua akamwona kwa macho ya moyo, Shoto na nywele zake, kapiga magoti mahali hapahapa, kichwa chini ya usukani, na Msusi kwenye kreti akimwangalia mikono. Kama angekuta shati la mwanamume chumbani kwa mpenzi wake, pengine lingemuuma kidogo kuliko ule waya.

Akainua macho. Msusi alikuwa ameegemea nguzo ya hema, kavaa ovaroli nyekundu ya mashindano, mikono ya ovaroli kaifunga kiunoni, nywele kazisuka mistari myembamba na kuzibana juu kwa utepe wa manjano. Alikuwa anatabasamu mpaka mashavu yanamcheza.

"Umeona chochote?" aliuliza.

"Nimeona."

"Na?"

"Na nini?"

"Yaani huna la kusema?"

"Nina kazi."

Tabasamu likapungua, likaisha. Msusi akaenda kutafuta glavu zake. Anacheka! alijiambia Pua. Ananicheka mchana kweupe!

Akaukata ule waya kwa koleo, akautupa, akafunga wake. Ili mkono wake upite vizuri alikuwa amelegeza mkanda unaolishika tangi, na sasa akaukaza tena kwa hasira, akavuta, akavuta tena, mpaka tundu la mwisho. Kulipuliza tangi hakulipuliza. Kupitisha kidole chini ya mkanda, jambo ambalo hajawahi kuliacha tangu awe fundi, siku hiyo aliliacha.

Mizunguko ilikuwa kumi na miwili. Msusi alichukua nafasi ya kwanza kwenye kona ya pili na akawaacha wenzake nyuma akiwa ametulia kabisa. Watu wa timu kubwa, wenye kofia za kijivu, walisimama ukingoni wakinong'onezana na kuandika. Mzunguko wa tatu. Wa nne. Katika wa sita Pua alisikia mlio wa injini ukishuka kabla mtu mwingine yeyote hajausikia. Haukukata. Ulififia tu, kidogo kidogo. Gari namba kumi na saba likapitwa na la kwanza, la pili, yote, kisha likaingia kwenye nyasi na Msusi akanyoosha mkono juu.

Wa kwanza kukimbia kulisukuma alikuwa Shoto.

"Pole sana shemeji," alikuwa anasema walipofika kwenye hema. "Imezima ghafla? Ngoja tuangalie..."

"Usiguse!" Pua aliruka. "Umegusa vya kutosha!"

"Mimi? Nimegusa nini?"

"Tangi hili umelishika siku mimi sipo. Mkono wako naujua. Umemharibia mtu mashindano yake!"

Watu wakakusanyika. Mama mkaguzi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akapenya katikati yao. Msusi alikuwa bado na kofia ngumu kichwani.

"Pua, unasema nini?" aliuliza kutoka ndani ya kofia.

"Muulize Shoto wako!"

Mama mkaguzi hakuwa na muda wa mapenzi ya watu. Akainama, akafungua kifuniko cha tangi. Tangi likavuta hewa, fyuuu, sauti ndefu ambayo kila aliyekuwa pale aliisikia. Mafundi wote wakanyamaza kwa pamoja. Mama akapitisha kidole chini ya mkanda, kikagoma. Akaulegeza, akatoa ule mpira mdogo wa juu. Ulikuwa umelala bapa kama utepe.

"Tangi limekosa pumzi," alisema. "Nani kakaza mkanda huu?"

Pua alitamani ardhi ipasuke. Shoto alikuwa akimtazama, na ubaya wake hakuwa hata amekasirika.

"Mimi," Pua akasema.

Msusi akaivua kofia taratibu. Jasho lilimtiririka, na chini ya jasho kulikuwa na machozi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuyatenganisha.

"Shoto wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Asante kwa kunigawia mwanamume. Mimi sikujua kama ninaye."

Akachukua mfuko wake, akaondoka na ovaroli yake nyekundu hadi getini, na wenye kofia za kijivu walikuwa tayari wanampa mkono dereva mwingine.

Jumapili Pua alipiga simu mara tisa. Jumatatu asubuhi mara nne. Mara ya tano ikapokewa.

"Haloo."

"Mpenzi..."

"Huyo hayupo. Hapa kuna msusi. Unataka kusukwa?"

"Sina nywele."

"Basi hatuna shughuli mimi na wewe." Ikakatwa.

Akampigia dada yake, akamweleza yote huku mapacha wakilia kwa zamu.

"Ulimuuliza?" dada alisema.

"Nimuulize nini?"

"Nani kafunga huo waya."

"Nilijua."

"Ulijua, au uliamua?"

Pua akaihamishia simu sikio la pili.

"Wewe tangu mdogo ndivyo ulivyo. Ukikuta kikombe chako mahali pengine unanuna siku nzima, hutaki kuuliza nani kakihamisha. Nenda kwake, mdogo wangu. Usiende na maua. Nenda na mdomo."

Alikwenda Jumanne saa tisa mchana, na ovaroli yake, kwa sababu alijua akivaa vizuri atashindwa kusema. Saluni ilinukia mafuta ya nywele na joto la vikaushio. Viti vitatu, kina mama watatu, na ukuta mzima wa mbele ulikuwa kioo. Msusi alikuwa nyuma ya kiti cha katikati, kavaa gauni la kijani na aproni nyeusi, vidole vyake vinakimbia kichwani mwa mama mmoja mnene. Alimwona Pua kwenye kioo, wala hakugeuka.

"Una miadi?"

"Sina. Nina neno moja."

Vikaushio viwili vikazimwa ghafla. Kina mama walitaka kusikia vizuri.

"Sema," alisema Msusi, "hawa ni watu wangu."

Pua akamtazama kwenye kioo. "Mkanda niliukaza mimi, kwa hasira. Sikulipuliza tangi, sikupitisha kidole. Hata kama ule waya alifunga Shoto, hata kama mna lenu, nafasi yako nimekunyima mimi. Nimekuja kusema hivyo. Sijaja kusingizia."

Vidole vya Msusi vikasimama.

"Keti," alisema.

Mama wa kiti cha pembeni akampisha, Pua akaketi mbele ya kioo, kipara chake kikimeta kati ya vichwa vya nywele.

"Waya unao?"

Kama kuna siku mfuko wake ulikosa waya na koleo dogo, hakuikumbuka. Akavitoa. Msusi akamkabidhi kitana chenye mpini mrefu.

"Funga hapo, kama unavyofunga siku zote."

Akafunga. Mara nne, mkia chini. Kulia.

"Sasa rudia, ila usitazame mikono yako. Tazama kioo."

Akarudia akitazama kioo. Mwanamume wa kwenye kioo, mwenye kipara na macho mekundu, alishika koleo kwa mkono mwingine na kusokota upande mwingine. Msokoto wa kwenye kioo ulielekea kushoto. Pua aliutazama bila kuelewa, kisha akalishusha koleo.

Msusi alivuta kigoda, akaketi mbele yake uso kwa uso, viwiko magotini, kama alivyokaa kwenye lile kreti. Akachukua waya, akauzungusha, akausokota mara nne akifuatisha kila kitu alichokizoea kukiona. Ukatoka umeelekea kushoto, mkia umelazwa chini, kazi safi.

"Miezi mitano nimekaa mbele yako nikiangalia mikono yako," alisema. "Nilijifunzia upande huo. Alhamisi nilipita kona nikasikia harufu, mpira umelegea kwenye chujio. Shoto akaja, akasema shemeji niachie dakika mbili. Nikamwambia tangi hili lina mwenyewe, wewe nenda. Nikalimwaga, nikalisuuza, nikafunga mwenyewe. Shoto akacheka akasema Pua akiuona ataruka kwa furaha. Ndicho kicheko ulichokisikia."

Pua hakuweza kumtazama.

"Siku ya mashindano nilisimama pale kwenye nguzo nangoja uniambie nimefunga vizuri. Hilo tu. Nilijua utautambua kwamba si wako, nikangoja uniulize nani kafunga, ili nijisifu."

"Nikaukata," alisema Pua.

"Ukaukata."

Machozi yalimtoka Pua mbele ya kina mama watatu na hakuyafuta. Alikuwa ameuonea wivu mkono wake mwenyewe. Mtu hata wa kumsimulia upuuzi kama ule angempata wapi?

"Mwanangu," alisema yule mama mnene, nusu ya kichwa chake kikiwa bado timutimu, "ningekuwa mimi ningemsamehe. Lakini gari si langu."

"Sijakusamehe," Msusi alimwambia Pua. "Ile nafasi hairudi."

"Najua."

"Na Shoto utamwomba radhi mbele za watu, kama ulivyomtukana mbele za watu. Miezi yote hii ananiita shemeji, wewe hujasikia hata siku moja?"

"Sikusikia. Nitamwomba. Na sitakuuliza tena ulikuwa naye saa ngapi."

"Uliza!" Msusi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Kuuliza hakujawahi kuniudhi. Uliza mara mia. Kunihukumu kimyakimya ndiko kunakonimaliza. Haya ondoka, nina kichwa cha mtu hapa."

Aliondoka. Lakini ule waya wa kushoto ulibaki kwenye mpini wa kitana, na Msusi hakuutoa.

Shoto aliombwa radhi Jumamosi hiyo mbele ya mahema yote, akasema yamekwisha, akamwomba Pua amtengenezee tangi lake moja sugu kama fidia. Simu za mchana zilianza tena, kwanza fupi, kisha ndefu kidogo. Pua aliuliza kila kilichomkereketa, mengine ya kijinga kabisa, na Msusi alijibu yote, mengine kwa kumcheka. Ijumaa moja akarudi kwenye lile hema. Safari hii Pua ndiye aliyekaa kwenye kreti, mbele ya pua ya gari, akimpa zana moja moja, na Msusi akapiga magoti kando ya tangi.

Mashindano ya mwisho ya msimu yalikuwa madogo. Hapakuwa na wenye kofia za kijivu. Msusi alikuwa tayari kitini, kofia ngumu kichwani, Pua kapiga magoti pembeni yake, mama mkaguzi alipofika na karatasi zake. Aliinama, akafungua kifuniko, akatazama mipira, miwani yake ikasimama kwenye chujio.

"Pua. Huu si mkono wako."

"Si wangu."

"Lazima niandike aliyefunga. Ni nani?"

"Mke wangu," alisema Pua. Hakuwa amepanga kulisema, lilimtoka tu.

Msusi akainua kioo cha kofia. "Mke wa nani?"

Shoto, aliyekuwa anapita na jerikeni tupu, akasimama.

"Ulisema niulize," Pua alimwambia, magoti chini, moyo ukimwenda mbio kuliko injini yoyote pale uwanjani. "Basi nauliza."

Msusi alimtazama.

"Jamani, nina magari kumi na moja yananingoja," mama mkaguzi alisema. "Niandike nini?"

"Andika mke," alisema Msusi, akashusha kioo.

Mama akaandika, akabandika kibali, akahamia gari lingine. Shoto alipiga mluzi mpaka nusu ya uwanja ikageuka. Pua hakusimama kwanza. Alipitisha kidole chini ya mkanda wa tangi, kikaingia na kutoka bila kukwama, akapitisha tena, ndipo akainuka kumpisha mkewe njia.